Simuleta mpya za ndege zinakuja: ninunue kompyuta sasa au nisubiri?

Msomaji wa Pasua, Moshi, ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Nina miaka 19. Napenda ndege tangu utotoni kwa sababu nyumbani si mbali na uwanja wa ndege wa Moshi. Nina laptop ya RAM (kumbukumbu ya kazi) ya gigabaiti 8, haina kadi ya grafiki. Nimeweka akiba ya milioni mbili na nusu. Kila nikifungua simu naona watu wanasubiri kizazi kipya cha simuleta za ndege, zile programu za kurusha ndege kwenye kompyuta, wanasema dunia nzima itakuwa humo ndani. Ninunue kompyuta sasa ili nikae tayari, au nisubiri itoke kwanza? Na je, nitaiona nyumba yetu?"

Marahaba, mdogo wangu. Kuruka usisubiri, anza wiki hii na hiyo hiyo laptop. Kununua kompyuta, subiri. Wengi wetu hufanya kinyume: tunakimbilia dukani mapema, kisha tunakaa kitako kungoja programu. Siku ikifika, mashine haitoshi na mwenye mashine hajui kutua.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Mwaka 2006 Microsoft walitoa Flight Simulator X (FSX). Miezi mitatu kabla yake nilikuwa nimeshanunua kompyuta, muuzaji akiniapia kwamba hiyo itabeba chochote kitakachotoka. Programu ilipofika nikaambulia fremu nane, yaani picha nane tu, kwa sekunde juu ya Arusha. Ukivuta usukani, ndege inawaza kwanza, halafu inatii. Lawama zote sikumtwisha muuzaji. Walioiandika programu ile walitegemea prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ziendelee kuongezeka kasi kwa kiini kimoja kama ilivyokuwa miaka yote. Viwanda vikashika njia nyingine, vikaanza kuweka viini vingi ndani ya prosesa moja, na programu haikujua kuvitumia vizuri. Kiraka cha 2007, yaani marekebisho ya programu, kilipunguza maumivu kidogo. Sasa kama waandishi wenyewe waliikosea mashine ya kesho yake, muuzaji wa mtumba ataijulia wapi?

Na hapo tunazungumzia programu ambayo angalau ilitoka. Januari 2009 Microsoft waliifunga studio iliyokuwa ikitengeneza mfululizo ule. Mwaka 2012 wakaja na Microsoft Flight, iliyoanza na kisiwa kikubwa cha Hawaii peke yake, na Julai mwaka huo huo wakaacha kuiendeleza. Mrithi wa kweli, Microsoft Flight Simulator, akaja tarehe 18 Agosti 2020. Mtoto aliyezaliwa FSX ilipotoka alikuwa ameshaingia sekondari. Kwa hiyo ukiniambia unasubiri kizazi kipya, nakuuliza kwanza: utasubiri ukiwa unafanya nini?

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo kwa mtu wa Moshi ni kubwa kuliko kadi ya grafiki, na kwenye video hizo hulisikii kwa sababu wanaozitengeneza wana faiba, intaneti ya waya yenye kasi, majumbani. Simuleta ya zamani ilikuja na dunia yake. Ulinunua diski, ukaipakia, milima na mito yote ikakaa ndani ya kompyuta yako, mbaya lakini yako. Toleo la 2020, lililotengenezwa na Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa, lilibadilisha mpango huo. Dunia yake imejengwa kwa picha za ramani za Bing na inazidi petabaiti mbili, yaani zaidi ya gigabaiti milioni mbili. Hakuna diski ya nyumbani ya kubeba kitu hicho. Inakaa kwenye seva za Microsoft, na wewe unaletewa kipande unachokipita.

Linganisha masharti yao. Toleo la 2020 lilidai nafasi ya gigabaiti 150 kwenye diski. Toleo la 2024 linadai 50. Ukisoma haraka utashangilia kwamba jipya ni jepesi. Mzigo haukupungua, umehama. Umeshuka kwenye diski ukapanda kwenye bando. Hata ndege zenyewe nyingi huletwa pale unapozihitaji. Kiwango cha chini cha intaneti walichotaja ni megabiti 10 kwa sekunde, na wanachopendekeza ni 50. Piga hesabu: megabiti 10 kwa sekunde, saa nzima bila kupumzika, ni gigabaiti nne na nusu. Kwa 50 ni zaidi ya 22. Kweli, haivuti kwa nguvu hiyo muda wote, na kuna kashe inayotunza sehemu ulizokwisha kupita, kwa hiyo anayeruka nyumbani kila siku hatumii bando kama anayezunguka dunia. Lakini weka namba hizo karibu na bei ya bando lako la wiki, uone kama kweli ni kompyuta unayopungukiwa.

Siku toleo hilo lilipotoka, 19 Novemba 2024, watu wa nchi nyingi walikwama kwenye mstari wa kupakia, wengine saa nyingi. Wakuu wa mradi walijitokeza hadharani wakaeleza kwamba sehemu ya seva inayogawa data ilielemewa na wingi wa watu. Hao walikuwa na prosesa kali, wana kila kitu mezani, na walikaa wakitazama skrini. Baadaye mambo yalitengemaa. Ndiyo maana kipimo changu kwa programu yoyote mpya ni miezi sita: itoke, ipite viraka vyake, na mtu mwenye intaneti kama yangu aijaribu. Hapo ndipo nafungua pochi.

Kwa hiyo wakikuonyesha mawingu mazuri, uliza: dunia yake inakaa kwa nani?

X-Plane inajibu tofauti. Ni kazi ya mhandisi wa Marekani aitwaye Austin Meyer, na toleo la 12 lilikamilika Desemba 2022. Sifa yake ya siku zote ni hesabu: hulikata bawa na mkia vipande vipande na kukokotoa nguvu ya hewa kwenye kila kipande, badala ya kusoma jedwali lililoandaliwa. Kwako wewe sifa kubwa ni nyingine. Wakati wa kuipakia unaonyeshwa ramani ya dunia yenye miraba, unachagua unayoitaka. Ukichukua miraba ya Tanzania na Kenya, Ulaya na Asia ukaziacha, unaweza kwenda na laptop kwa rafiki mwenye faiba, ukapakua usiku mmoja, ukarudi Pasua ukaruka bila kuweka bando la kuvuta ardhi. Kuna ya majaribio ya bure, ya eneo moja dogo. Ipakie kwenye kompyuta yoyote kabla hujailipia, itakuambia ukweli kuliko muuzaji.

Na FlightGear ni bure kabisa. Imejengwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990. Uso wake si wa kupeleka kwenye harusi, nakubali. Lakini ukipunguza mapambo itatembea kwenye RAM 8 yako, ina Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, iliyofanyiwa kazi vizuri, na ardhi unaweza kuipakua mapema eneo kwa eneo. Hiyo ndiyo nataka uanze nayo. Ukisema ina sura mbaya nitakuambia kwamba Mlima Kilimanjaro uliomo humo una umbo lake halisi, kwa kuwa urefu wa ardhi ulipimwa kwa rada kutoka angani: chombo cha Endeavour, Februari 2000, siku kumi na moja. Matoleo mapya yanapaka rangi nzuri zaidi juu ya mlima ule ule.

Ukishaipata, haya ndiyo ya kufanya, na hapa sina haraka, kwa sababu sisi wa huku tumebahatika kuwa na viwanja vitatu vinavyofundisha kuliko mitaala mingi.

Anza nyumbani, uwanja wa Moshi. Uko futi 2,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko moja kwa moja kaskazini yako, kilomita 30 na ushei. Najua utakachofanya siku ya kwanza, maana kila mtu hukifanya: utainua pua kuelekea kileleni. Fanya tu, umalize hamu. Kibo ni mita 5,895, zaidi ya futi 19,300. Cessna 172 ya aina ya S inaishiwa pumzi kwenye futi 14,000 kwa vipimo vya kiwandani. Utaona mshale wa kupanda ukilegea, mwendo ukishuka, na ukiendelea kuvuta usukani bawa litaachia hewa, ndege itaanguka kama embe. Simuleta ikikuruhusu kuvuka Kibo kwa ndege hiyo bila shida, jua kuna msaada umewashwa mahali. Utafute, uuzime.

Kisha njoo kwetu Arusha, uwanja wa Kisongo, kama maili 42 za angani (kilomita 78 hivi) upande wa magharibi. Hapa ndipo wengi huniambia simuleta yao imeharibika. Uwanja uko futi 4,550 hivi. Mchana wa nyuzi 26 hewa yake ni nyembamba kana kwamba umesimama futi 7,000. Injini isiyo na turbo, yaani isiyosukumiwa hewa ya ziada, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo sehemu moja kati ya tano ya farasi wako hawapo kabla hujaachia breki. Mgeni anasukuma kila kitu hadi mwisho, mafuta yakiwa mengi kuliko hewa iliyopo, na ndege inakimbia lami yote kama daladala iliyojaza mlimani. Vuta mkono wa mchanganyiko wa mafuta na hewa, ule mwekundu, taratibu hadi injini izunguke vizuri, ndipo uondoke. Kuna chaguo la kuiachia kompyuta ikupangie mchanganyiko. Lizime pia, hata kama wiki ya kwanza itakuudhi.

Na kutua. Kipimo cha mwendo kikisoma noti 65 (maili 65 za angani kwa saa) pale Arusha mchana, ardhini unakwenda noti 72 hivi, maana hewa nyembamba hukidanganya kipimo. Ndege itaelea na lami itapita chini yako. Usiongeze mwendo kwa hofu, shika 65 ile ile ya kwenye kipimo. Kama simuleta yako mpya ya bei mbaya haitofautishi kutua Arusha saa nane mchana na kutua Dar es Salaam asubuhi, basi umenunua picha.

Kiwanja cha tatu ni KIA, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, katikati yetu, kilichofunguliwa Desemba 1971. Lami yake ni mita 3,600, unaweza kukosea mara mbili na bado ukasimama. Toka Arusha ni maili 26 tu za angani, robo saa kwa Cessna. Lakini usikidharau kipande hicho. Tarehe 18 Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, iliyotakiwa kutua KIA, ilitua Kisongo. Njia ya Arusha wakati ule ilikuwa na urefu wa mita 1,620. Ilisimama salama, ikaishia kwenye udongo laini, hakuna aliyeumia, na nusu ya mji ulikwenda kuitazama. Watu walicheka, ila tazama ramani: njia zote mbili zimelala mashariki na magharibi, zote zimeandikwa namba za dira 09 na 27. Ukiwa juu, umechoka, umeambiwa subiri KIA kuna ndege imeziba njia, macho yako yanakuletea lami unayoitafuta. Weka 767 au ndege yoyote kubwa uliyonayo, tokea kusini jioni, uzitafute lami mbili hizo bila kuangalia ramani ya kwenye skrini. Zoezi hilo linanipendeza kuliko kuruka juu ya New York iliyojengwa dirisha kwa dirisha.

Mazoezi yote hayo unaweza kuyafanya kwa FlightGear, kwenye laptop uliyonayo, leo.

Turudi kwenye milioni mbili na nusu. Kipande kidogo chake tumia sasa: nunua joistiki, fimbo ya kuongozea ndege. Si lazima iwe ya fahari, ila iwe na mpini unaozungushika, ili uwe na usukani wa mkia bila pedali. Joistiki ya USB utahama nayo kwenda kompyuta yoyote na simuleta yoyote, haizeeki na toleo. Kwa kibodi utaruka, lakini mkono wako utajifunza kugonga, na ndege haigongwi, inaombwa. Kibodi ni ya kujaribia jioni mbili tatu tu.

Pesa iliyobaki iache benki. Siku ya kununua ikifika, jihadhari na mtego mmoja ninaouona dukani kwangu karibu kila mwezi. Kijana ananiletea kompyuta ya ofisini ya mtumba, prosesa nzuri, bei ya kuokota, anataka nimwekee kadi ya grafiki. Nafungua kasha: jembamba, kadi haiingii, na pawasaplai, kisanduku cha kugawa umeme ndani, ni ya umbo la kampuni hiyo pekee, haina nguvu wala waya wa kulisha kadi. Bei rahisi imekuwa ghali. Ukinunua ya mtumba, chukua kasha pana la kawaida ambalo vipuri vyake vinapatikana kwa fundi yeyote. RAM anza na 16, hakikisha kuna nafasi ya kufika 32, kwa sababu 32 ndiyo inayopendekezwa kwa toleo la 2024, na sijawahi kuona toleo jipya likishusha sharti hilo. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyozunguka. Na usiniletee mashine iliyoungua kwa sababu umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo. UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, ni sehemu ya kompyuta. Kuhusu Luku, mashine inayokula wati 500 humaliza uniti moja kwa saa mbili. Mjulishe mama mapema.

Nyumba yenu nimeiacha mwisho kwa makusudi. Kwenye simuleta za Microsoft, baadhi ya miji ya dunia imejengwa kwa picha za ndege zilizopigwa kila upande, ndiyo unaona jengo na kibaraza chake. Kwingineko, pamoja na sisi, nyumba zimetungwa na kompyuta: kampuni ya Blackshark.ai ya Graz, Austria, iliifundisha mashine yao kusoma mapaa kwenye picha za satelaiti na kujenga nyumba inayofanana na paa hilo. Majengo bilioni moja na nusu yamepatikana hivyo. Mashine haijawahi kufika Pasua, kwa hiyo itakupa ukuta inaoudhani, na usishangae kuona nyumba ya jirani imegeuka ghorofa.

X-Plane haikisii kwa picha, inachukua barabara kutoka OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora, na viwanja vya ndege vinajengwa na watu wa kujitolea kwa programu ya bure iitwayo WorldEditor, wanavituma, vikikubaliwa vinaingia kwenye kompyuta ya kila mwenye X-Plane duniani. Tazama uwanja wa Moshi ulivyo humo. Kama banda limekaa pasipo pake au miti haipo, wewe unayeuona kila siku una haki ya kuurekebisha kuliko mtu wa mbali aliyeuchora humo kwa kutazama picha kutoka juu. Hiyo nayo ni kazi ya kufanya wakati wenzako wanasubiri.

Kuhusu rangi ya bati lenu kwenye simuleta za Microsoft, inatokana na picha ya satelaiti, na picha hizo zinaweza kuwa za miaka kadhaa nyuma. Kama mzee alibadilisha bati juzi, jiandae kuruka juu ya lile la zamani.